SOMO LA AFYA YA MAMA: Uvimbe Baada ya Hedhi Kukoma – Si Kila Uvimbe ni Saratani, Lakini Kila Uvimbe Upimwe



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo akina mama wengi hulificha chini ya kanga hadi limekuwa kubwa. Ni uvimbe wa misuli laini unaompata mwanamke ambaye hedhi yake imekwisha koma. Mara nyingi uvimbe huu si saratani. Lakini kwa kuutazama au kuushika tu, hakuna mtu awezaye kujua kama ni saratani au siyo: si jirani, si mkunga wa jadi, wala daktari mwenyewe.

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:

1. Kueleza uvimbe wa misuli laini ni nini na unatokea wapi mwilini.
2. Kutambua dalili ambazo mama aliyekoma hedhi hapaswi kuzinyamazia.
3. Kujua uende wapi, useme nini, na uulize nini ukifika.

KWA NINI TUNAANDIKA JUU YA JAMBO HILI

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi nchini Kenya, familia nyingi zilivuka mpaka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengine walipokewa na jamaa zao, na wengine walipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha baadaye mwaka huohuo wakahamishiwa Kiryandongo. Mama aliyevuka mpaka akiwa na umri wa miaka 38 leo amepita miaka 50. Wakati ule alikuwa akiuliza juu ya uzazi wa mpango na chanjo za watoto. Leo maswali yake ni mengine, na kliniki ya wajawazito si mahali anapokwenda tena. Hivyo hakuna anayemuuliza habari za kizazi chake, naye haoni sababu ya kuzisema.

Wasomaji wengi wana ndugu Lumino, Majanji, Masafu, Busia na Tororo. Wasomee nao somo hili mkitembeleana.

Tuchukue mfano. Mama mwenye miaka 57 anauza samaki katika soko la Lumino. Samaki wake hutoka Majanji, ziwani. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 50. Siku moja akioga anagusa kitu kigumu kwenye sehemu ya siri, ukubwa wa pera changa. Hakiumi. Jirani mmoja anamwambia kizazi kimeshuka kwa sababu amezaa watoto wanane. Wa pili anasema ni jipu, lipasuliwe kwa wembe. Wa tatu anasema amerogwa. Yeye mwenyewe moyoni anasema ni saratani, basi heri asijue. Miezi minane inapita.

Huu ni mfano tu, lakini wahudumu wa afya wanamfahamu mama wa namna hii. Tutarudi kwake mwishoni.

MISULI LAINI NI NINI?

Mwili una aina kadhaa za misuli. Ile ya mikono na miguu inafuata amri yako: ukitaka kuinua jembe, unainua. Misuli laini haingojei amri. Inafanya kazi yenyewe usiku na mchana. Ndiyo inayosukuma chakula tumboni, inayobana na kulegeza mishipa ya damu, inayokamua kibofu cha mkojo, na inayosukuma mtoto wakati wa kuzaa.

Wakati mwingine chembe moja ya misuli hii huanza kujigawa kupita kiasi. Inakuwa donge gumu, la mviringo, lenye mpaka wake, kama kokwa ndani ya embe. Madaktari huita donge hilo leiomioma. Likiwa kwenye mji wa mimba, wengi hulijua kwa jina la faibroidi.

Faibroidi ni jambo la kawaida sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 kati ya 100 wenye asili ya Afrika walikuwa nazo, na karibu 70 kati ya 100 wa Kizungu. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo mama akiambiwa ana faibroidi asidhani ameadhibiwa au amerogwa. Pia faibroidi haiambukizwi, wala haitokani na tabia mbaya.

HEDHI INAPOKOMA

Mama husemwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55.

Faibroidi hulishwa na homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni, zinazotoka kwenye ovari. Hedhi ikikoma, ovari hupunguza sana homoni hizo. Donge hukosa chakula na hunywea polepole. Mengine hukauka na kuwa magumu kama jiwe kwa sababu ya chokaa, yakabaki tumboni miaka mingi bila kumsumbua mama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kukumbuka ni hii: BAADA YA HEDHI KUKOMA, FAIBROIDI INATAKIWA KUNYWEA, SI KUKUA. Uvimbe mpya, au uvimbe wa zamani ulioanza kukua tena, lazima uchunguzwe.

KWA NINI UVIMBE UKUE WAKATI HUO?

Zipo sababu mbalimbali:

1. Mafuta ya mwili. Hata ovari zikilala, mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza estrojeni kidogo. Mama mwenye uzito mkubwa anayo zaidi.

2. Dawa zenye homoni. Wako wanaonunua vidonge vya homoni bila kuandikiwa na daktari, wakiambiwa vitarudisha ujana. Pia dawa ya tamoksifeni, ambayo hutumika kutibu saratani ya titi, inaweza kuchochea mji wa mimba. Usiiache dawa hiyo kwa sababu ya somo hili. Mweleze daktari wako tu ukiona damu au uvimbe.

3. Uvimbe wa ovari unaotoa homoni. Ni nadra, lakini upo.

4. Saratani ya misuli ya mji wa mimba. Hii pia ni nadra, ila hatari yake huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mwaka 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaofanyiwa upasuaji kwa kudhaniwa wana faibroidi, mmoja ana saratani iliyojificha. Maana yake ni kwamba 349 hawana. Lakini yule mmoja hajulikani bila kupimwa.

MAHALI PASIPOZOELEKA

Kwa kuwa misuli laini iko sehemu nyingi za mwili, uvimbe wake unaweza kuota nje ya mji wa mimba. Hutokea mara chache, na ndiyo sababu watu huudhania kuwa ugonjwa mwingine.

Ukeni. Uvimbe wa namna hii ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1733, na tangu hapo ni wanawake kama 300 tu walioandikwa katika majarida ya kitabibu. Wengi walikuwa na miaka kati ya 35 na 50. Baada ya hedhi kukoma ni nadra zaidi. Mara nyingi huota ukuta wa mbele, karibu na njia ya mkojo. Mama anaweza kukojoa kwa shida, kutoka damu, au kuhisi kitu kinataka kutoka. Hapo watu husema kizazi kimeshuka.

Kwenye mashavu ya uke. Huonekana kama jipu, au kama tezi ya mlangoni iliyoziba na kujaa maji. Tofauti ni kwamba jipu huuma, huwa la moto, na huiva. Uvimbe huu kwa kawaida hauumi na hauivi. Mama aliyepita miaka 40 akipata uvimbe mpya mahali hapa asipewe dawa ya jipu tu na kurudishwa nyumbani. Aombe uchunguzwe vizuri.

Kwenye kinena. Unaweza kufanana na henia.

Kwenye kibofu. Dalili ni kukojoa mara kwa mara, mkojo kukatika au kuwa na damu. Lakini damu kwenye mkojo ina sababu nyingine nyingi. Watu walioishi kando ya ziwa, kama Majanji, wapimwe kichocho pia.

Kwenye mapafu. Hili huwashangaza wengi. Mwaka 1939 daktari Paul Steiner wa Marekani alieleza uvimbe wa misuli laini, wenye sura ya faibroidi, uliokutwa kwenye mapafu ya mwanamke. Tangu hapo wamepatikana wengine, wengi wao wakiwa wamewahi kufanyiwa upasuaji wa faibroidi miaka mingi kabla. Kwenye picha ya eksirei madoa yake yanaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu au saratani. Usiwe na hofu kwa kila kikohozi: ukikohoa wiki mbili au zaidi, jambo la kwanza ni kupimwa makohozi ya kifua kikuu. Lakini kama uliwahi kupasuliwa faibroidi, mwambie daktari.

DAMU BAADA YA HEDHI KUKOMA

Hapa ndipo maisha ya akina mama hupotea. Mama wa miaka 58 anaona matone ya damu. Wenzake wanacheka: "Mwenzetu amerudi usichana!" Naye anacheka, anakunja kitambaa, anaendelea na shamba.

Hedhi iliyokwisha koma hairudi. Damu baada ya miezi 12, hata tone moja, hata mara moja tu, hata kama haina maumivu, ni dalili ya kwenda kituo cha afya.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 waliotoka damu baada ya hedhi kukoma, kama 9 walikuwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Wengine walikuwa na sababu zisizo za saratani, kama vile uke kuwa mkavu, vinyama vidogo, au faibroidi. Na kati ya wanawake 100 wenye saratani hiyo baada ya hedhi kukoma, kama 90 walipata dalili hii ya damu. Kwa hiyo damu ni kama mlinzi anayepiga kengele. Ukimsikiliza mapema, saratani hiyo hutibika vizuri.

Tusisahau pia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Uganda ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote. Nayo huleta damu, hasa baada ya tendo la ndoa, na majimaji yenye harufu mbaya. Mama aliyekoma hedhi bado anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi. Kipimo cha kupaka siki huchukua dakika chache, ingawa kwa mama mtu mzima mhudumu anaweza kuchagua kipimo kingine. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI achunguzwe mara kwa mara zaidi.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE

- Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi.
- Uvimbe unaokua upesi katika wiki au miezi michache.
- Tumbo linalokua huku mwili unakonda.
- Majimaji yenye harufu mbaya au yenye rangi ya damu.
- Kushindwa kukojoa, au kufunga choo kusikoisha.
- Mguu mmoja kuvimba, au pumzi kuwa fupi.

Kushindwa kukojoa kabisa, kutoka damu nyingi na kukosa pumzi ni dharura. Nenda saa hiyohiyo, hata usiku.

MAMA ATACHUNGUZWAJE?

Kwanza, maswali. Hedhi ilikoma lini? Umeona damu? Umewahi kupasuliwa? Unatumia dawa gani? Jibu kwa ukweli, hata kama ni dawa ya miti shamba.

Pili, kukaguliwa. Mhudumu atashika tumbo na kutazama njia ya uke kwa chombo maalumu. Una haki ya kuomba mhudumu mwanamke kama yupo, na ya kuwa na ndugu yako ndani ya chumba. Kama hamsikilizani kwa lugha, omba mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari hizi.

Tatu, picha ya ultrasaundi. Haiumi. Inaonyesha ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo.

Nne, kipimo cha nyama. Daktari huchukua kipande kidogo, au huutoa uvimbe wote, na kukipeleka kwa daktari wa patholojia akitazame kwa hadubini. HIKI NDICHO KIPIMO KINACHOTOA JIBU. Ultrasaundi inaweza kukisia tu, haitoi hukumu.

Kwa hiyo, ukifanyiwa upasuaji wowote wa uvimbe, uliza maswali matatu kabla hujaondoka hospitali:

1. Je, nyama imepelekwa maabara?
2. Jibu litatoka lini, na nilifuate wapi?
3. Je, nitapewa nakala yangu?

Upasuaji bila jibu la maabara ni kazi iliyoishia nusu.

MATIBABU

Faibroidi ndogo isiyokua na isiyo na dalili inaweza kuachwa, mama akarudi kupimwa kwa tarehe atakazopewa. Uvimbe unaokua, unaotoa damu, au unaobana mkojo kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji. Baada ya hedhi kukoma, daktari anaweza kushauri kutoa mji wa mimba wote. Mama anayo haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Kutolewa mji wa mimba hakumgeuzi mama kuwa mwanamume, wala hakumwondolei heshima nyumbani.

Uvimbe wa ukeni au wa mashavu ya uke ukitolewa wote pamoja na mfuko wake, kwa kawaida mama hupona. Wachache huota tena, kwa hiyo tarehe za kurudi zifuatwe.

Mambo ya kuepuka:

- Usipasue uvimbe kwa wembe. Hautoi usaha; utatoa damu na kuleta maambukizi.
- Usiweke majani, magadi wala unga wowote ukeni. Huunguza, na huficha dalili.
- Usikandwe tumbo kwa nguvu ili uvimbe "uyeyuke". Hauyeyuki.
- Usinunue vidonge vya homoni bila kuandikiwa.

NJIA YA RUFAA

Kambini, anza kwa mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye wengi humwita VHT, au nenda moja kwa moja kituo cha afya. Kwa wakazi wa Kiryandongo, kituo kinachojulikana ni Panyadoli, na rufaa huelekezwa hospitali ya Kiryandongo. Chukua barua ya rufaa na kadi yako ya ukimbizi.

Walio Lumino waanze na kituo cha afya cha Lumino, daraja la tatu. Kituo cha daraja hilo kina mkunga na maabara ndogo, lakini hakina chumba cha upasuaji. Hatua inayofuata ni hospitali ya Masafu au ya Tororo, kisha hospitali ya rufaa ya Mbale. Ikithibitika ni saratani, mgonjwa huelekezwa Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1967.

Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Hata hivyo, nauli na baadhi ya vipimo vinavyofanywa nje huweza kugharimu. Uliza mapema, ili familia ijipange na rufaa isikwamie njiani.

KARATASI ZAKO NI DAWA

Mkimbizi hukimbia na watoto, si na mafaili. Wengi wenu mliacha karatasi za hospitali katika nyumba zilizochomwa. Kama uliwahi kupasuliwa kabla ya kukimbia, andika leo, au mwambie mtoto wako akuandikie: mwaka gani, hospitali gani, walitoa nini, na kama uliambiwa jibu la maabara. Hata ukikumbuka nusu, andika nusu hiyo. Weka karatasi hiyo pamoja na kadi ya chakula. Kovu peke yake halimwambii daktari kilichotolewa ndani.

NENO KWA WAUME NA WATOTO

Mama mtu mzima hatasema. Ataona aibu mbele ya mkwe na mbele ya mtoto wa kiume. Kwa hiyo binti, shangazi au mke mwenza amuulize faraghani: "Mama, umeona damu? Kuna kitu umekigusa?" Na baba, ukiombwa nauli ya hospitali, usidai kwanza kuelezwa kila kitu. Toa nauli.

TURUDI KWA MAMA WA LUMINO

Baada ya miezi minane, binti yake anamshawishi waende pamoja. Mkunga wa kituo anamkagua. Anaona kwamba kizazi hakijashuka, na kwamba donge halina joto wala usaha. Hamwambii "ni saratani" wala "si kitu". Anamwandikia rufaa. Hospitali wanautoa uvimbe na kuupeleka maabara. Jibu linarudi: uvimbe wa misuli laini, si saratani. Anarudi sokoni.

Lingeweza kurudi jibu jingine. Hata hivyo angekuwa ameanza matibabu mapema, badala ya kuhesabu miezi gizani. Kwa vyovyote, kwenda kungemfaa kuliko kungoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama amekaa miaka mitatu bila hedhi, kisha ameona damu siku moja ikaisha. Je, asubiri aone kama itarudi?
2. Ni kipimo gani kinachotoa jibu la hakika kama uvimbe ni saratani au siyo?
3. Baada ya hedhi kukoma, faibroidi inatakiwa kukua au kunywea?

Majibu: 1. Hapana. Aende kituo cha afya wiki hiyohiyo. 2. Kipimo cha nyama kwa hadubini. 3. Kunywea.

Msomaji, kama unamjua mama mmoja anayehitaji somo hili na hajui kusoma, msomee. Kisha umsindikize.